Biti ya Bawaba

Niseme jambo moja mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: sikio langu la kushoto halisikii. Lilikufa nilipougua nikiwa na miaka sita, na sitaki pole ya mtu, wala simtaki yule wa kuniinamia na kuniambia kwamba pengine ni baraka. Sikio limekufa, basi. La kulia liko hai na linafanya kazi ya mawili. Shuleni waliniita Nusu, jina likanifuata mpaka nyumbani, na leo hata wateja wa Mama wananiita hivyo bila kujua lilikotoka.

Mama ni dobi. Duka letu lina vyumba viwili. Cha mbele kina kaunta, meza mbili za kupigia pasi, na mabomba ya chuma yanayopita juu kwa juu, yamejaa mashati na magauni ya watu. Cha nyuma kilikuwa stoo ya sabuni mpaka kaka yangu alipokiteka, akaweka kompyuta na kiti kimoja, akakiita studio. Kaka amenizidi miaka minne, ila kwa hesabu zake ni arobaini. Kompyuta ilikuwa yake, kiti chake, na neno la mwisho lake. Mimi nilikuwa mtu wa kunasa sauti. Yaani yeye akitaka mlio fulani, mimi natoka na kinasa sauti changu kidogo, nautafuta, namletea. Yeye anaukata, anaugeuza, biti inatoka, sifa zinakwenda kwake.

Nisiwe mwongo, kazi yenyewe niliipenda. Watengeneza biti wengi hunyofoa vipande kwenye santuri za zamani na kuvizungusha upya, na huko ndiko wanakokuita kusampo. Sisi santuri hatukuwa nazo, tulikuwa na duka la dobi. Pasi nzito ya Mama ikitua kwenye meza iliyotandikwa blanketi hutoa mdundo mnene unaousikia kifuani kabla haujafika sikioni. Huo tuliufanya ngoma kubwa. Shati lililolowa likikung'utwa mara moja kwa nguvu hulia kavu kabisa, na hakuna ngoma ndogo ya dukani inayolifikia. Chupa ya kunyunyizia maji ilitupa ule mchakacho mwembamba wa juu unaokimbia katikati ya mapigo. Hanga za waya nilizigonganisha asubuhi nzima mpaka Mama akaniuliza kama nimekosa kazi, na hapohapo akanipa kazi.

Taabu ya kunasa sauti ni mwangwi. Chumba kitupu kinajibu kila unachokifanya, na kile chetu cha nyuma kilikuwa kinajibu kama mtoto asiye na adabu. Kaka akasikia mahali kwamba dawa yake ni kutundika mablanketi ukutani. Mablanketi tulikuwa nayo tele, tatizo yalikuwa ya wateja. Akayagongelea manne kwa misumari, na kweli chumba kikatulia, tukanasa sauti safi siku tatu mfululizo. Siku ya nne mwalimu mmoja mstaafu akaja na risiti yake kuchukua blanketi la rangi ya maziwa. Mama akatafuta chini, akatafuta juu, mwisho akafungua mlango wa studio akalikuta limesulubiwa. Kaka akajaribu kumweleza habari za mwangwi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa sindano na uzi, akamkalisha kwenye kaunta mbele ya mwalimu, na kila mteja aliyeingia alimkuta prodyuza wetu akiziba matundu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tangu siku hiyo tukatundika magunia.

Sasa bawaba. Meza ya pili ya Mama imeshikizwa ukutani kwa bawaba moja kubwa ya chuma. Inashushwa asubuhi na kupandishwa jioni. Ukiishusha polepole, ile bawaba ilikuwa inalia. Wala haikuwa kelele. Ilikuwa sauti yenye mwanzo na mwisho, inaanzia chini, inapanda, inakwama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, halafu inateremka. Siku nilipoisikia kwa mara ya kwanza, kuisikia kweli, nilisimama pale na ndoo mkononi maji yakinimwagikia miguuni. Nikairekodi asubuhi tatu. Kila mara Mama alinikuta nimeiinamia bawaba na kinasa sauti, akapita zake. Kumbe moyoni anaona aibu, anadhani nakusanya ushahidi kwamba meza yake imechakaa. Asubuhi ya nne akaitia mafuta. Meza ikateremka kimya kama mwizi, na Mama akanitazama akingoja nimshukuru. Nilimshukuru. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya duka na kusikiliza nilichobaki nacho: milio kumi na moja, na miwili tu kati yake ndiyo safi.

Wakati huo mimi na Kaka tulikuwa hatuivi chungu kimoja kuhusu vifaa. Akiba yetu ilitosha kitu kimoja. Kaka alitaka spika mbili kubwa za studio. Zilikuwa dirishani mwa duka moja la vyombo vya muziki, naye alikuwa anapita kuziangalia kila siku kama mtu aliyeposa. Mimi nilitaka mashine ya kijivu iliyokuwa kwa Fundi Redio, juu ya rafu, kati ya televisheni mbili zilizokufa. Mashine yenyewe ni kisanduku chenye pedi kumi na sita za mpira. Unaingiza sauti moja katika kila pedi, halafu unazipiga kwa vidole kama unavyopiga meza ukiwa na furaha. Kaka akasema hayo yote kompyuta inafanya. Nikamwambia kweli inafanya, lakini kwenye kompyuta biti unaichora, kwenye pedi unaipiga, na kidole kikichelewa kiasi cha unywele, hapo ndipo kichwa cha msikilizaji kinapoanza kutikisika. Kaka akasema kuchelewa ni kuchelewa tu. Kuna siku nilitamani kumpiga na hanga.

Fundi Redio ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, asiyependa wateja wenye haraka. Nilipokwenda kuijaribu ile mashine nilibonyeza pedi zote kumi na sita, nikagundua mbili za chini hazishiki. Akaifungua, akazisafisha kwa spiriti, zikaamka. Akaniambia kasoro yake bila kuficha: inabeba sauti za sekunde chache tu, kwa hiyo mtu asiyejua kuchagua ataichukia. Nikamwambia mimi sina cha kuchagua zaidi ya bawaba na pasi. Akacheka, akakataa kuniuzia. Alisema hauzi kifaa kwa mtu aliyekipenda kwa macho. Nikae nacho mwezi mzima kwanza, kisha nirudi tuzungumze.

Siku hiyohiyo aliniona ninavyosikiliza, nimevaa hedifoni na kuigeuzageuza, upande wa kushoto nauleta kulia, wa kulia nausukuma nyuma. Akaniuliza, nikamweleza. Miaka yote nilikuwa nasikia nusu ya muziki, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa inamiminwa kwenye sikio lisilo na habari. Fundi Redio hakunipa pole, Mungu ambariki. Alizichukua hedifoni zangu, akazipasua, akaziunganisha nyaya za pande zote mbili ziingie sikio la kulia peke yake, akaweka vidude viwili vidogo katikati ili pande hizo zisiumizane. Nilipozivaa nilisikia wimbo mzima kwa mara ya kwanza maishani. Nililia pale dukani kwake, na sioni haya kusema.

Basi nikarudi nyumbani na mashine kwapani, na vita ikaanza rasmi. Kilichoamua mambo ni kazi ya Mwiba.

Mwiba ni rapa. Mchana anauza vipuri vya pikipiki, na maneno anayoyasema kwenye maiki ndiyo hayohayo anayowaambia wateja wanaobembeleza bei, ila yana vina. Alikuwa ameombwa kufungua uwanja mpya wa mpira wa kikapu siku ya Jumamosi, na alikuwa na wimbo mpya usio na biti. Akamwomba Kaka biti moja, na akamwomba nyingine Profesa, prodyuza wa studio kubwa ya barabarani, ile yenye kioo na zulia. Mwiba ana utaratibu wake: hachagui biti akiwa amekaa. Anaisikilizia mahali penyewe, kwenye spika zitakazotumika, anasimama, anachana ubeti mmoja, na biti inayomwinua ndiyo anayoichukua. Nyingine hazikumbuki tena.

Nikamwambia Kaka nami nataka kupeleka yangu. Alikataa asubuhi, akakataa mchana, na jioni Mama akamuuliza anaogopa nini. Hapo akakubali shingo upande, akaweka masharti mbele ya Mama. Mwiba akiichukua biti yangu, mashine inabaki na kuanzia hapo kazi zangu nazichanganya mwenyewe mpaka mwisho. Asipoichukua, mashine inarudi kwa Fundi Redio, tunanunua spika, na mimi narudi kwenye kinasa sauti changu bila kununa. Nikakubali. Nilijua nikishindwa nitakuwa mletaji wa milio ya watu mpaka nizeeke.

Nilifanya kazi asubuhi, wakati duka limefunguliwa, kwa sababu pasi ya Mama ilikuwa inanipa mwendo. Niliuchukua mlio mmoja safi wa bawaba nikaushusha chini, hatua moja, mbili, tatu. Kwenye hatua ya tano ukaacha kuwa bawaba. Ukawa tarumbeta ya mtu mwenye kinyongo. Nikaukata vipande vinne, kila kimoja pedi yake, nikaanza kuvipanga upya: cha tatu kwanza, halafu cha kwanza mara mbili, halafu cha nne. Kile cha pili, cha kuvuta pumzi, nikakiacha kiingie peke yake kabla ya mzunguko kuanza tena. Chini yake nikaweka pasi, na shati nikalichelewesha kidogo tu. Nikazunguka nayo saa nzima bila kuchoka. Nilipochungulia mbele nikamwona Mama anapiga pasi suruali ya mtu, kichwa kinamtikisika, hana hili wala lile.

Kaka naye aliisikia. Siku ya pili akaniomba ule mlio wa bawaba autumie kwenye biti yake. Wala hakuomba, alikuwa ameshauchukua, ila alinijulisha. Nikameza hasira, kwa sababu kwa kawaida sauti za studio ni za wote. Akafanya nao anachofanya kila siku: akautengenezea pacha, mmoja akamweka kushoto na mwingine kulia, kisha yule wa kulia akampindua juu chini. Ujanja huo anaupenda kupita kiasi. Kwenye hedifoni za kawaida mlio unakuwa mpana, unakuzunguka kichwa chote. Akaniita nije nisikilize, anatabasamu kabisa.

Nikavaa hedifoni zangu. Nikasikia pasi, nikasikia shati, nikasikia besi. Bawaba hakuna. Nikadhani hajaifungua. Nikamwambia haipo. Akatazama kwenye kompyuta, akasema ipo, hiyo hapo inapita. Nikasikiliza tena, nikafumba macho, hakuna kitu, pengo tupu kama jino lililong'olewa. Nikamwambia tena kwamba bawaba yake imekufa, haisikiki hata kidogo.

Kaka akavua hedifoni zake taratibu. Akaniangalia kwa yale macho ya huruma ambayo nayachukia kuliko matusi.

"Nusu," akasema, "ni sikio lako. Usijali, si kosa lako."

Maneno yale yalinichoma. Angenitukana ningemrudishia, tungepigana kama watoto, yangeisha. Lakini huruma unairudishiaje? Nilitoka nikaenda kusimama kati ya mashati ya watu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliamini kidogo. Nilijiuliza kama na biti yangu ina mambo nisiyoyasikia, kama Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa usingizi, kama kila mtu ananihurumia na mimi peke yangu ndiye sijui. Siku mbili zilizobaki sikuigusa tena mashine. Biti niliiacha kama ilivyokuwa, kwa hofu tu, wala si kwa kujiamini.

Jumamosi tukafika uwanjani saa sita mchana. Rangi ya mistari ilikuwa bado inanuka, na watoto walikuwa wameshaanza kutupa mpira kwenye pete mpya ingawa walikatazwa. Spika zilikuwa nne, zile za pembe, zimefungwa juu ya nguzo moja zikitazama pande nne za uwanja. Fundi wa spika, jamaa mnene mwenye taulo begani, alikuwa na meza ndogo ya mikseri na waya mmoja mweusi unaopanda nguzoni. Nilimwona Kaka akizitazama zile pembe kwa dharau. Profesa alikuja na kompyuta yake ndani ya mkoba wa ngozi, akatusalimia bila kutushika mikono.

Mwiba alifika na ovaroli la kazini, mikono ina grisi. Akasema ana saa moja, na tuanze na Profesa.

Biti ya Profesa ilikuwa inasifiwa mtaa mzima kabla hata haijasikika, eti ina vinanda vya fidla kama vya sinema. Ikapigwa. Ngoma zikaja, nzito, safi. Vinanda havikuja. Kulikuwa na kitu kama mtu anapiga mluzi ndani ya pipa, mbali huko. Mwiba akaanza kuchana, akafika mstari wa tatu, akanyamaza, akauliza muziki uko wapi. Profesa akalaumu waya. Fundi akabadilisha waya. Profesa akalaumu spika. Fundi akapitisha sauti yake mwenyewe kwenye maiki, ikatoka nzima, akamwambia spika zake hazina neno. Profesa akabonyeza hiki na kile, jasho linamtoka, mwisho akafunga kompyuta na kusema uwanja huu haufai kwa muziki.

Kaka akaenda mezani. Alikuwa amejikaza, lakini namjua. Alikuwa anatafuna kucha. Akachomeka, akabonyeza. Ikaja pasi. Likaja shati. Ikaja besi. Halafu pengo.

Nililitambua lile pengo. Ndilo lilelile, hata urefu wake, nililolisikia kwenye hedifoni zangu. Uwanja mzima sasa ulikuwa unasikia kwa sikio langu. Kaka alikuwa anapandisha sauti ya bawaba, anaipandisha, na kadiri alivyoipandisha ndivyo ilivyokosekana, nami nikasimama pale sijui nicheke au nilie. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na kosa. Niliisikia kweli, na nilisema kweli, na hakuna aliyenisadiki, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao.

Fundi wa spika ndiye aliyemtegulia kitendawili. Akauliza kama ule mlio ameuweka mara mbili, kushoto na kulia, na mmoja ameupindua. Kaka akasema ndiyo. Fundi akajifuta uso kwa taulo, akamweleza taratibu kwamba hapa waya ni mmoja, kwa hiyo kushoto na kulia vyote vinamiminwa ndoo moja. Pacha mmoja anavuta, mwenzake anasukuma kwa nguvu zilezile, wanamalizana njiani, spika haipati kitu. Akasema hata kwenye redio ndogo na simu nyingi mambo ni hayohayo, na kila wiki anamletea habari hiyo prodyuza mmoja mwenye hedifoni nzuri. Profesa akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nami nikazikumbuka hedifoni zangu: sikio moja, ndoo moja.

Kaka akauchomoa waya, akasimama pembeni, na Mwiba akaniangalia mimi.

Nilikwenda mezani na mashine yangu. Nikachomeka waya mmoja, kwa sababu siku zote huchomeka mmoja, na nikaweka kidole kwenye pedi ya kwanza. Kisha nikapiga.

Bawaba ya Mama ikalia juu ya nguzo, pande nne kwa mpigo. Ikapanda, ikavuta pumzi, ikateremka, pasi ikatua chini yake, na shati likaja kwa kuchelewa kwake. Mtoto aliyekuwa na mpira akausahau, ukadunda peke yake mpaka ukutani. Mwiba akatikisa kichwa mara mbili, akaifuta grisi kwenye ovaroli, akaichukua maiki na kuanza. Alichana ubeti mmoja, nikadhani atasimama. Hakusimama. Akaingia kiitikio, akaingia ubeti wa pili, akawa anatembea kwenye mistari mipya ya uwanja akiwaambia watu kwamba bei haipungui na yeye hapungui. Nikaanza kumjibu. Akinyamaza, nampigia kipande cha nne. Akirudi, namfungulia njia. Watoto wakawa wanaruka. Waliokuwa wanapaka rangi ukutani wakageuka na brashi zao. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, furaha ya kutaka kupigana na mtu, na kama si mashine kunihitaji ningeruka na watoto.

Alipomaliza alikuwa anahema. Akauliza kwa maiki, uwanja mzima ukisikia, nani ametengeneza kitu hiki.

Kaka alikuwa ndiye aliyezoea kujibu swali hilo. Angeweza kusema ni ya studio yetu, na asingekuwa amedanganya.

"Ni ya mdogo wangu," akasema. "Mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Sikuigusa. Na aliniambia yangu imekufa, nikamwambia hasikii."

Mwiba akamtazama Kaka, akanitazama mimi, akasema basi saa kumi anatupigia huyuhuyu, na wengine mnaweza kubaki kutazama. Akaenda kunawa mikono.

Saa kumi uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya kuta. Mama alikuwa amefunga duka, jambo ambalo hafanyi hata akiumwa, amekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani. Bawaba ilipolia aliinua kichwa ghafla, akageuka kumwambia jirani yake kitu, nikaona anajigonga kifuani kwa kidole: yangu hiyo, meza yangu.

Kaka alikuwa amejitolea kumsaidia fundi kwenye mikseri. Katikati ya wimbo wa kwanza akaacha vitufe akanijia. Miaka yote Kaka huongea na mimi akiwa popote alipo, amenipa mgongo, au kutoka chumba cha pili, na mimi ndiye wa kukimbiza kichwa kumtafuta. Safari hii alifika upande wangu wa kushoto, akasita. Halafu akazunguka. Alipita nyuma yangu, akaruka waya, akaja kusimama kulia kwangu, karibu kabisa, akainama.

"Wewe unasikiaje?" akaniuliza.

Nikasikiliza. Sikuharakisha, na yeye akangoja.

"Besi imezidi," nikamwambia.

Akarudi mezani, akaipunguza.